Nani anaishi kichuguuni? Namna ya kutengeneza kitabu cha picha cha sayansi kwa watoto wadogo

Kitabu cha sayansi cha mtoto wa miaka minne hadi saba husomwa kwa macho kwanza. Mtu mzima anasoma maneno, mtoto anasoma picha, na picha ikikosea maneno hayaiokoi. Andika "mchwa ana miguu sita" chini ya mchwa aliyechorwa na miguu minane, na mtoto ataamini idadi aliyoihesabu kwa kidole chake. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye picha, na maneno yanapata sehemu ndogo.

Mfano tunaoufuata ni kijitabu cha kurasa 16, ukubwa wa A5, kinachotokana na karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati. Mada ni kichuguu. Kinapatikana karibu kila pembe ya Afrika Mashariki, mtoto anaweza kupelekwa akakione, ila ya ndani hawezi kuyaona. Mada nzuri ya kitabu cha picha huwa hivyo: nje mtoto anakujua, ndani hakujui.

Swali moja, mdudu mmoja

"Wadudu" si mada ya kurasa 16. Hiyo ni mada ya rafu nzima. Hata "mchwa" ni pana. Chukua swali ambalo mtoto mwenyewe angeuliza: nani anaishi humu ndani? Kila ukurasa ulijibu kwa kipande, na ukurasa usiolijibu uondolewe hata kama mchoro wake umependeza.

Kisha chagua aina moja ya mchwa usiihame. Hapa ndipo vitabu vingi vinapoharibikia: kichuguu cha aina moja, askari wa aina nyingine, malkia aliyenakiliwa kwenye picha ya bara jingine. Kwa mfano wetu tumia mchwa wa jenasi ya Macrotermes (jenasi ni kundi la aina zenye undugu wa karibu), ambao ndio hujenga vichuguu vingi vikubwa vya huku kwetu. Unayohitaji kuyajua kabla ya kushika penseli ni haya.

Wafanyakazi ni wadogo, weupe-weupe, miili laini. Askari wana vichwa vikubwa vya rangi ya kahawia-nyekundu na taya kali, na wapo wa saizi mbili. Malkia tumbo lake limevimba hadi anafikia urefu wa kidole cha mtu mzima au kupita, na hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mfalme hafi baada ya kupandana. Anaendelea kuishi na malkia chumba kimoja, tofauti na dume la sisimizi. Chumba hicho kina kuta nene za udongo na kiko chini, usawa wa ardhi au karibu nao. Wachoraji hupenda kumweka malkia juu kileleni kama mwenye ghorofa. Huko hakai. Kumzunguka kuna bustani za kuvu: mchwa huleta vipande vya miti na nyasi vikavu walivyovitafuna, kuvu wa jenasi ya Termitomyces huota juu yake na kuvilainisha, na mchwa hula. Mvua zikianza, uyoga wa kuvu huyo huchomoza juu ya kichuguu, ule ule unaookotwa ukapikwa.

Jambo jingine linalokosewa ni mzunguko wa maisha. Usinakili mchoro wa kipepeo wenye yai, kiwavi, bundo (pupa) na mdudu kamili. Mchwa hana hatua ya bundo. Anayetoka kwenye yai anafanana na mchwa mkubwa tangu mwanzo, ila mdogo, na hukua kwa kujivua ngozi.

Ukishaandika orodha yako ya mambo ya kweli, mpe mtu wa wadudu aipitie kabla ya michoro, si baada. Idara za zoolojia vyuoni, Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine kule Morogoro, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi: kote huko kuna watu wanaoweza kukuambia kwa dakika kumi kosa ambalo lingekugharimu kuchora upya kurasa sita. Mpelekee maswali mafupi ya ndiyo au hapana. Ukimpelekea rundo la karatasi na kumwomba maoni, litakaa mezani kwake.

Mpangilio wa kurasa

Kurasa lazima zigawanyike kwa nne, kwa sababu kila karatasi ikikunjwa hutoa kurasa nne. Zikifika 14 utabaki na mbili tupu. Zikifika 18 utahitaji karatasi ya tano. Kwa kurasa 16 pamoja na jalada, tunapanga hivi:

1: jalada. 2: jina la mwandishi, mchoraji, haki na mwaka. 3: kichuguu kwa nje, mtoto amesimama kando yake ili kimo kionekane. 4 na 5: mvua imenyesha, kumbikumbi wanatoka. 6 na 7: mabawa yamepukutika, dume na jike wanafuatana kutafuta pa kuchimba. 8 na 9: kichuguu kwa ndani. 10: wafanyakazi. 11: askari. 12 na 13: wanaowala mchwa. 14: mchwa na sisimizi, tofauti zao. 15: jaribu mwenyewe. 16: maelezo kwa mzazi au mwalimu.

Picha kuu imewekwa ukurasa wa 8 na 9 kwa makusudi. Katika kijitabu cha kukunja, hapo katikati tu ndipo kurasa mbili zinazotazamana zinakuwa upande mmoja wa karatasi moja. Kwingine kote, picha inayovuka mkunjo inachapwa kwenye karatasi mbili tofauti, na zikipishana hata milimita mbili, mdudu aliyelala juu ya mkunjo anakatika kiuno. Kwa hiyo kurasa za 4 na 5, 6 na 7, 12 na 13 zinaweza kuendeleza mandhari moja, anga au ardhi, lakini mdudu, uso na maneno vikae mbali na mkunjo kwa milimita 12 au zaidi.

Kurasa za 12 na 13 ndizo zitakazokufurahisha kuchora. Muhanga anachimba usiku. Kuku wanadonoa kumbikumbi uani. Watu nao wamo, na kikaango chao. Na yuko sokwe mtu wa Gombe, Kigoma, anayechomeka kijiti kwenye tundu la kichuguu akakivuta kikiwa kimeng'ang'aniwa na mchwa. Jane Goodall aliliona hilo mwaka 1960 na likawafanya wanasayansi waanze kufikiri upya kuhusu wanyama na zana. Mtoto wa miaka mitano hahitaji mwaka wala jina la mtafiti. Hayo yapeleke ukurasa wa 16. Yeye mpe kijiti, tundu na mchwa walioning'inia.

Kuchora mdudu bila kumdanganya mtoto

Anza na mwili. Mdudu ana sehemu tatu: kichwa, kifua, tumbo. Miguu yote sita inatoka kifuani, na mabawa pia. Ukipanga miguu kuanzia kichwani hadi mkiani kama jongoo, umekosea, na kosa hili lipo hadi kwenye mabango ya kuuzwa yanayotundikwa madarasani. Mchwa hana kiuno chembamba. Kifua na tumbo vimeungana kwa upana. Sisimizi ndiye mwenye kiuno. Vipapasio vya mchwa vimenyooka, vina vipingili kama shanga zilizotungwa. Vya sisimizi vimepinda kama kiwiko. Kumbikumbi ana mabawa manne yanayolingana urefu, ilhali sisimizi mwenye mabawa ana ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Tofauti hizi tatu ndizo zinazojaza ukurasa wa 14, kwa hiyo zikikosewa ukurasa wa 4 kitabu kitajipinga chenyewe.

Usimvalishe mchwa viatu wala kofia. Tabasamu unaweza kulisamehe kwenye hadithi, ila hapa mtoto anajifunza umbo, na mdomo wa binadamu unafuta taya alizopaswa kuziona. Uchangamfu uutafute kwingine: mtoto aliyechuchumaa, jogoo anayekimbiza kumbikumbi, ndoo iliyoachwa mvuani.

Ukubwa unachanganya kuliko yote. Mchwa akijaza ukurasa mzima, mtoto asiyemfahamu atadhani analingana na paka. Weka pembeni kivuli cheusi cha mchwa katika ukubwa wake halisi, na jirani yake punje ya mchele. Usitegemee duara la kukuza, lile linaloonyesha sehemu ya picha ikiwa kubwa zaidi. Watoto wadogo huliona kama mpira au dirisha. Mishale nayo haisemi kitu kwa mtoto ambaye hajafundishwa kuisoma. Badala ya mshale, mchore mdudu yule yule mara tatu kwenye njia moja: anaruka, anatua, mabawa yanadondoka.

Sasa ukurasa wa 8 na 9. Picha ya kitu kilichopasuliwa si rahisi kwa mtoto mdogo, kwani anachokiona ni kichuguu kilichobomoka. Dawa ni kifuniko. Chora kichuguu cha ukurasa wa 3 na cha ukurasa wa 8 na 9 kwa umbo lile lile, upande ule ule wa kutazama, mti ule ule nyuma yake. Kisha chora ngozi ya nje ya kichuguu kwenye kadi ya gramu 200 kwa mita ya mraba, ikate kufuata umbo, acha ukingo wa sentimita 1 upande wa kushoto, ukunje na kuubandika juu ya mchoro wa ndani. Usiipitishe juu ya mkunjo wa kitabu: ifunike nusu ya kulia tu, ukurasa wa 9, au kichuguu kizima kikae upande huo na ukurasa wa 8 ubebe maneno. Kata nusu duara ya kuingiza kidole kwenye ukingo wa kulia. Mahali pa kwanza kuchanika ni kwenye bawaba, kwa hiyo bandika utepe wa kitambaa upande wa ndani kabla ya kugundisha. Gundi ya maji ikizidi hukunja karatasi. Paka nyembamba, weka kitabu kizito juu, subiri ikauke.

Rangi nayo ina mtego wake. Kichuguu ni kahawia, udongo kahawia, askari kahawia, muhanga karibu na kahawia. Ukichapa, kurasa zote zinakuwa tope. Amua mapema: udongo wa nje uelekee wekundu, ndani uwe kahawia iliyokolea karibu na nyeusi, na mchwa wabaki na rangi ya maziwa wenye mistari ya kuwazunguka. Kisha piga fotokopi nyeusi-nyeupe ya kila ukurasa. Shuleni kitabu chako kitatolewa nakala kwa mashine ya fotokopi upende usipende, na kama wafanyakazi wanapotelea kwenye udongo katika nakala hiyo, ongeza tofauti ya mwanga na giza.

Chora kwa ukubwa wa mara moja na nusu ya ukurasa, yaani milimita 222 kwa 315, kwenye karatasi ya gramu 200 au zaidi kama unatumia rangi za maji. Ikipunguzwa, mitikisiko ya mkono hupungua nayo. Ukiskani, lengo ni nukta 300 kwa inchi katika ukubwa wa mwisho; ukurasa wa A5 wenye nyongeza ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatia ni pikseli 1819 kwa 2551. Bila skana, simu inatosha kwa nakala chache: bandika mchoro ukutani barazani penye kivuli chenye mwanga wa kutosha, simu iwe sambamba na karatasi, bila flashi, usimame nyuma kidogo na kukuza kiasi ili kingo zisipinde.

Kama huchori, usichukue picha kwa kutafuta tu mtandaoni. Majukwaa ya African Storybook na StoryWeaver yana michoro yenye leseni huria, lakini soma leseni yenyewe: yenye masharti ya kutaja jina inakutaka umtaje mchoraji ukurasa wa 2, inayokataza biashara haikuruhusu kuuza, inayokataza mabadiliko haikuruhusu hata kukata kipande. Na hata mchoro wa bure ukaguliwe miguu.

Maneno

Sentensi moja hadi tatu kwa ukurasa zinatosha. Kwa Kiswahili, kuhesabu maneno hakukusaidii sana, maana neno moja linaweza kubeba sentensi nzima: "wanawatengenezea" lina silabi nane, na mtoto anayeanza kusoma huchoka nalo kabla hajafika mwisho. Hesabu silabi. Maneno mengi yasizidi nne, na yale marefu yasifuatane.

Toleo baya: "Mchwa ni wadudu wa kijamii wanaoishi katika makoloni yenye mgawanyo wa majukumu." Toleo zuri: "Mchwa wanaishi pamoja. Kila mmoja ana kazi yake." Na ukurasa wa askari: "Askari analinda mlango. Kichwa chake ni kikubwa. Taya zake ni kali."

Neno "mchwa" lenyewe ni gumu kutamka kwa anayeanza, ila halikwepeki. Lirudie karibu kila ukurasa hadi alitambue kwa sura. Maneno mapya mengine yasizidi matano katika kitabu kizima; hapa tunayo malkia, askari, kuvu, vipapasio na taya.

Angalia upatanisho. Mdudu na mnyama huchukua a- na wa-, hata jina likianza kwa ki-: kipepeo anaruka, vipepeo wanaruka. Kichuguu kinabaki na ki-. Ukiandika "mchwa zinakula", mwalimu atakifunga kitabu hapo hapo.

Kwa herufi, tumia fonti yenye "a" na "g" zinazofanana na zile anazofundishwa kuandika. Fonti iitwayo Andika, ya shirika la SIL, imetengenezwa kwa wasomaji wanaoanza, haina malipo, na inatofautisha vizuri I kubwa, l ndogo na 1. Ukubwa uwe pointi 20 hadi 24, nafasi ya mistari 1.4, maandishi yaanzie kushoto bila kunyooshwa pande zote mbili. Usikate neno mwishoni mwa mstari. Kata mstari mahali pa kupumua: "Malkia anataga mayai / usiku na mchana." Maneno yasipite juu ya picha yenye rangi nyingi, yaachie ukanda mweupe au anga tupu.

Ukurasa wa 15 uwe na jambo moja la kufanya. Asubuhi baada ya mvua, okota mabawa ya kumbikumbi chini ya taa, yabandike kwenye karatasi, linganisha urefu wake. Hapo hapo, kwa maandishi makubwa: usiingize mkono wala mguu kwenye tundu la kichuguu. Nyoka na kenge huyatumia matundu hayo.

Jaribu kabla ya kuchapa

Kunja karatasi nne tupu, chora kila ukurasa kwa penseli haraka haraka, wape watoto watano au sita, mmoja mmoja. Kwanza bila maneno. Usiulize "umeelewa?" kwa kuwa jibu litakuwa ndiyo. Uliza "unaona nini?" kisha nyamaza. Mwache afungue mwenyewe. Andika anaporudi nyuma, anaporuka ukurasa, anachokigusa. Mtoto akisema malkia ni kiazi au mnyoo, hajakosea. Mchoro haujaonyesha kichwa na miguu vya kutosha. Wawili wakijikwaa ukurasa mmoja, uchore upya.

Kuchapa na kushona

Kurasa hazichapwi kwa mfuatano wa kusoma. Karatasi ya nje ina 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 nyuma. Ya pili 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ya tatu 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya ndani 10 na 7, nyuma 8 na 9. Kila jozi ikijumlishwa ni 17. Isipofika hapo, kuna kosa. Programu nyingi za kufungulia PDF zina chaguo la kuchapa kijitabu linalopanga hivi lenyewe. Ukichapa pande mbili, chagua kupindua kwa upande mfupi. Ukichagua mrefu, kurasa za nyuma zitatoka kichwa chini.

Tumia printa ya leza. Wino wa printa nyingi za kawaida huchuruzika ukiguswa na mkono wenye maji, na mikono hiyo haikosekani. Karatasi za ndani ziwe gramu 100 hadi 130, kwa sababu kwenye gramu 80 picha ya nyuma huonekana. Karatasi ya nje, yenye jalada, iwe gramu 200 kama printa inaikubali. Kadi nene hupasuka rangi kwenye mkunjo. Kabla ya kukunja, weka rula ya chuma katikati, milimita 148.5 kutoka ukingoni, na pitisha kalamu iliyokwisha wino ili kuacha mfereji.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4. Shona. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, kwenye milimita 55, 105 na 155 kutoka juu. Chukua uzi imara wa nusu mita. Toka kwa ndani kupitia tundu la kati, ingia tena kwa tundu la juu, ndani ushuke moja kwa moja hadi tundu la chini ukiruka la kati, toka nje, kisha rudi ndani kwa tundu la kati. Ncha mbili ziwe pande mbili za uzi mrefu uliolala ndani, zifunge juu yake mafundo mawili. Fundo likifungwa upande mmoja tu, mshono hulegea. Mwisho kata ukingo wa mbele milimita 2 kwa wembe mkali na rula ya chuma, maana karatasi za ndani huchomoza kidogo. Kifuniko cha ukurasa wa 9 kibandike baada ya hapo, la sivyo wembe utakikata.

Nakala 10 au 20 za hivi zinatosha kwa darasa moja au maktaba ndogo. Ukitaka kuchapa mamia na kuuza, omba namba ya ISBN, ya kukitambulisha kitabu: Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Kukiingiza shuleni rasmi kunahitaji ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania au ya KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala, kwa Kenya, na wakaguzi watataka kuona umri uliolengwa na somo linalohusika. Viandike ukurasa wa 16 tangu toleo la kwanza, kando ya majibu ya maswali ambayo watoto wako wa majaribio waliyauliza na kitabu hakikuyajibu.